SOMO LA AFYA: USALAMA WA MGONJWA UNAANZIA KWENYE KITABU CHAKE

Katika somo hili tutazungumzia usalama wa mgonjwa. Maana yake ni kwamba mtu aliyekwenda hospitalini kutafuta nafuu asipate madhara mengine kutokana na matibabu yenyewe. Kazi hiyo si ya daktari peke yake. Wewe mgonjwa, na ndugu anayekusindikiza, mna sehemu yenu.

Makosa yanaingilia wapi?

Mkazi wa Dzaleka anapougua sana hupita mikono mingi. Anaanzia kituo cha afya cha kambini, anaweza kupelekwa Hospitali ya Wilaya ya Dowa, na ugonjwa ukizidi, Hospitali Kuu ya Kamuzu mjini Lilongwe, zaidi ya kilomita 40 kutoka hapa. Kila anapofika, anapokelewa na mtu asiyemjua. Hata hapa kambini watu ni wengi. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu wapatao 10,000; leo tumezidi 50,000, na wenyeji wa vijiji vya jirani hutibiwa hapohapo. Muuguzi hawezi kukumbuka kila mmoja. Kitabu chako cha afya ndicho kinachokumbuka. Kwa hiyo zingatia mambo haya:

1. Kitabu kimoja, mtu mmoja. Usimwazime jirani kitabu chako, hata kama chake kimepotea. Ugonjwa wake ukiandikwa kwako, siku nyingine utapewa dawa isiyo yako. Kikijaa, usikitupe, nenda na cha zamani pamoja na kipya. Jina liwe lile lililo kwenye karatasi zako za usajili. Omba muuguzi aandike mbele dawa inayokudhuru, kwa mfano penisilini kama iliwahi kukuvimbisha au kukutoa vipele. Kama una sukari, presha au kifafa, nayo iandikwe. Kama unameza ARV au dawa za kifua kikuu, mwambie mganga faraghani kabla hajakuandikia dawa nyingine.

2. Zijue herufi za dawa. OD ni mara 1 kwa siku, BD ni mara 2, TDS ni mara 3, QID ni mara 4. Mfano ni LA, dawa ya malaria. Humezwa kwa siku 3, jumla mara 6: mara ya pili ni saa 8 baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni, pamoja na chakula. Homa ikishuka siku ya pili usiache, wala usimwekee mtoto mwingine zilizobaki. Kumbuka pia kwamba Panadol na parasetamoli ni dawa ileile. Ukimeza zote mbili umezidisha kipimo, na kuzidisha huharibu ini.

3. Usijibu swali usilolielewa. Wauguzi wengi huuliza kwa Kichewa, na baadhi ya maneno yake yanafanana na yetu. Ukiulizwa "M'mimba mukupweteka?" unaulizwa kama tumbo linauma. Mama anayesikia "mimba" anaweza kudhani anaulizwa kama ni mjamzito, akajibu hapana, na maumivu yake yasiandikwe. Omba mkalimani, na asiwe mtoto wako mdogo. Jifunze pia: "kamodzi" ni mara 1, "kawiri" mara 2, "katatu" mara 3.

4. Ukiulizwa jina mara nyingi, usikasirike. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo ya kuhakikisha kabla ya upasuaji: jina la mgonjwa, sehemu itakayopasuliwa, na dawa zinazomdhuru. Anayekuuliza tena anakulinda. Usiitikie tu "ndiyo". Taja jina lako mwenyewe.

5. Wewe unayemlinda mgonjwa wodini, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumlisha na baada ya kumsafisha. Usimpe dawa ya kienyeji wala ya dukani bila kumwambia muuguzi.

Ukiona kitu hakiko sawa

Sema siku ileile, kwa heshima. Unaweza kusema: "Samahani dada, jana vidonge vilikuwa vyeupe, leo ni vya njano. Ni dawa ileile?" Pengine kiwanda tu kimebadilika. Pengine umezuia kosa. Kama dawa imekuletea vipele, kuvimba uso au kushindwa kupumua, usimeze nyingine. Kimbilia kituoni na pakiti yake mkononi.

Wengine huogopa wakisema, "Mimi ni mkimbizi, nitaulizaje?" Ndugu, kuuliza si ujinga, na mwili unaotibiwa ni wako. Tangu 2019, tarehe 17 Septemba kila mwaka ni siku ya usalama wa mgonjwa duniani kote, na mgonjwa wa Dzaleka amo katika hesabu hiyo.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Vitabu vya afya vya familia yenu viko wapi sasa hivi? Usiku mtoto akizidiwa, nani atakipata chake?
2. Nani hapo nyumbani ana dawa inayomdhuru? Imeandikwa?
3. Mkipelekwa Lilongwe, nani atawatafsiria?

Kama hamna jibu la swali mojawapo, mwulizeni mhudumu wa afya wa kujitolea atakapopita mtaani kwenu.