Somo: Pampu Inayodumu ni Ile Iliyojifunzwa



Katika sharika nyingi kuna pampu ya mkono iliyozinduliwa kwa shangwe na leo haitoi maji. Mara nyingi kisima hakijakauka. Kimekatika kifaa kidogo ambacho hakipatikani katika duka lolote la wilaya, na fundi aliyeifunga pampu amekwisha kurudi kwao. Kabla kamati haijaandika ombi jingine kwa wafadhili, tutazame jinsi tatizo hili lilivyoshughulikiwa nchini India.

Hali ilivyokuwa

Mwaka 1967, wakati wa ukame mkubwa, UNICEF iliisaidia India kupata mashine za kuchimba visima katika miamba migumu. Visima vikachimbwa kwa maelfu. Lakini pampu zilizofungwa juu yake ziliigwa kutoka pampu za Ulaya na Marekani, zilizokusudiwa familia moja. Kijijini pampu moja ilitumiwa na mamia ya watu tangu alfajiri hadi usiku. Uchunguzi wa UNICEF wa mwaka 1974 ulionyesha kuwa takriban robo tatu ya pampu zilikuwa hazifanyi kazi.

Nani alijifunza kwa nani

Hatua ya kwanza ilitoka kwa mafundi wa misheni katika jimbo la Maharashtra. Huko Jalna, misheni ya Kanisa la Scotland ilianza kuunda pampu imara zaidi. Huko Sholapur kazi hiyo iliendelezwa: mpini ulipewa mhimili mmoja wenye beringi, na mnyororo ukavuta fito wima ili zisisagike upande. Pampu hiyo ilidumu, ila ilitengenezwa kwa idadi ndogo.

Katikati ya miaka ya 1970, UNICEF, serikali, watafiti wa uhandisi na kiwanda cha umma cha Richardson & Cruddas cha Madras (leo Chennai) walikaa pamoja. Waliichukua pampu ya Sholapur na kuirekebisha ili karakana za kawaida za India ziweze kuitengeneza, wakaijaribu katika visima virefu karibu na Coimbatore. Hiyo ndiyo India Mark II. Mwaka 1979 India ilitoa kiwango cha taifa cha pampu hiyo. Michoro haikufungiwa na mtu yeyote, na ubora ulikaguliwa kabla pampu hazijatoka kiwandani. Kufikia miaka ya 1980, makumi ya viwanda viliitengeneza, na vipuri vya kiwanda kimoja viliingia katika pampu ya kingine.

Kutoka India hadi Kwale

Hata hivyo pampu hiyo haikufaa kila mahali. Katika maeneo ya Afrika yenye maji ya asidi, mabomba yake ya chuma yaliliwa na kutu. Tena, kuyang'oa kulihitaji timu ya mafundi na vifaa vizito. Kuanzia mwaka 1981, UNDP na Benki ya Dunia walisimamia majaribio ya pampu katika nchi mbalimbali. Kazi iliyoanzia Malawi na kuendelezwa Kwale, pwani ya Kenya, ilizaa pampu ya Afridev. Mabomba yake ni ya plastiki, na pistoni hutolewa bila kuyang'oa. Kazi kubwa ya matengenezo hufanywa kwa spana moja, hivyo wanakijiji wenyewe, wanawake kwa wanaume, wanaweza kuifanya.

Fundisho

Mwaka 1987 mchumi Mwingereza Christopher Freeman, akiandika juu ya Japani, alieleza kitu ambacho tunaweza kukiita mfumo wa taifa wa uvumbuzi. Maana yake ni kwamba nchi huendelea pale ambapo viwanda, vyuo, watafiti, serikali na watumiaji wanafundishana. Mtandao wa nje huleta wazo, fedha na uzoefu. Lakini kama nyumbani hapana wa kujaribu, kusahihisha, kuweka kiwango na kuuza vipuri, msaada huo huisha siku mgeni anapopanda gari. India ilipokea wageni wengi, na ilikuwa na wenyeji wa kujifunza kutoka kwao.

Sisi nasi tunazo taasisi zetu: TBS kwa viwango, SIDO na vyuo vya VETA kwa mafundi, na tangu mwaka 2019 RUWASA kwa maji vijijini. Usharika unaopokea pampu bila kuzungumza na taasisi yoyote kati ya hizo unajitenga na msaada uliopo karibu.

Kwa wafadhili wetu tunaomba jambo moja. Msilete aina mpya ya pampu kwa sababu tu inapatikana kwenu. Leteni aina inayotumika tayari wilayani, na sehemu ya fedha itengwe kwa mafunzo ya mafundi na akiba ya vipuri. Visima viwili vinavyotoa maji baada ya miaka kumi vinawafaa akina mama kuliko vitano vilivyonyamaza.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Pampu yetu ni ya aina gani, na kipuri chake kinauzwa wapi?
2. Ni nani katika usharika anayeweza kuifungua na kuifunga? Akihama, nani atabaki?
3. Tulipopokea mradi uliopita, tulijifunza nini, na kimeandikwa wapi?
4. Mtumiaji akiona kasoro, taarifa inamfikiaje mtengenezaji?

Tafadhali leteni majibu katika kikao kijacho cha miradi.