Nyekundu Isiyogeuka Pinki

Chukua askari mmoja wa Blood Angels, wale Space Marine wekundu wa Warhammer 40,000, mchezo wa vita wa sanamu ndogo. Mpige praima nyeusi tupu, halafu mpulizie nyekundu kwa ebrashi, ile kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa. Mkono wa kwanza wa rangi hauonekani. Wa pili unatoka kama tofali. Ukifika wa tano, rangi imejaa kwenye maungio ya deraya na nakshi zote zimezama. Usijilaumu. Rangi nyingi nyekundu hupitisha mwanga, kwa hiyo ya chini lazima ichungulie. Kazi yako inaanzia huko chini.

Kabla ya kugusa sanamu, tafuta vijiko vinne vya plastiki vya kutupa. Kimoja kipige praima nyeusi, kingine kijivu, kingine nyeupe, cha mwisho pinki. Vyote vipulizie nyekundu ileile, mikono miwili myepesi. Utaona nyekundu nne tofauti kutoka chupa moja: ya nyeusi imelala, ya kijivu imetulia, ya nyeupe ina mabakamabaka, ya pinki inawaka. Viandike nyuma, uvitunze. Mimi vyangu navitazama hadi leo kila nikianza kikosi kipya.

Sasa sanamu yenyewe. Piga nyeusi pande zote, iache ikauke. Kisha puliza kijivu kutoka juu kwa mshazari, nyuzi 45 hivi. Malizia na pinki kidogo kutoka juu kabisa, kama jua la saa sita mchana. Kichwa, mabega na magoti vitang'aa. Makwapa na chini ya mkoba wa mgongoni vitabaki na giza. Kivuli umekipata hata nyekundu hujaifungua.

Usinunue chupa kumi za nyekundu. Nne zinatosha. Kwa rangi za Citadel, chukua Khorne Red, ambayo ni damu ya mzee, ya vivuli. Chukua Mephiston Red ya mwili, Evil Sunz Scarlet ya sehemu zinazopata mwanga, na Wild Rider Red ya kingo. Kama unanunua kwa ajili ya ebrashi tu, nyekundu za Vallejo Model Air zitakupunguzia kazi. Ziko nyepesi tayari na chupa yake inadondosha tone kwa tone.

Za Citadel lazima uziongezee thina. Anza nusu kwa nusu, uchanganye kwenye kikombe cha pembeni, si ndani ya ebrashi. Unatafuta wepesi wa maziwa, si wa mtindi. Pandisha rangi kwa brashi kwenye ukuta wa kikombe: ikiteremka yenyewe na kuacha utando mwembamba nyuma yake, iko tayari. Ikiganda ukutani, ongeza matone mawili. Na kila rangi na thina yake. Thina ya Tamiya, X-20A, ina alkoholi. Ukiitia kwenye Vallejo unaweza kupata uji wa mabonge.

Pua ya milimita 0.3 na kompresa kwenye psi 20 hivi vinakutosha kwa kazi hii yote. Shika ebrashi sentimita tano hadi nane kutoka kwenye sanamu. Bonyeza kitufe, hewa itoke kwanza, ndipo ukivute nyuma kuruhusu rangi. Ukimaliza, funga rangi kwanza, hewa iwe ya mwisho. Ukikosea mpangilio huo utatemea sanamu madoa.

Mpangilio wa rangi ni huu. Mephiston Red nyepesi mwili mzima, mikono miwili au mitatu, ile pinki ya chini ikichungulia. Kisha geuza sanamu miguu juu, upulizie Khorne Red kutoka chini, iingie kwenye vivuli tu. Irudishe wima, upulizie Evil Sunz Scarlet kutoka juu. Kati ya mkono na mkono, subiri mng'ao wa maji upotee. Ukipuliza juu ya rangi iliyolowa, itakimbia pande zote kama miguu ya buibui.

Nyekundu hupenda kukauka kwenye ncha ya sindano. Hilo litakukera kuliko yote. Kila baada ya dakika chache, futa ncha kwa pamba ya masikio iliyochovywa kwenye dawa ya kusafishia ebrashi. Futa polepole, sindano ikipinda hainyooki tena vizuri. Ukiwa Dar es Salaam au Mombasa unapambana na mambo mawili kwa pamoja: joto linakausha rangi haraka, na unyevu wa hewa unageuka maji ndani ya mpira wa kompresa. Funga kichungi cha kunasa maji, na umwage tangi kila ukimaliza kazi. Tone moja la maji likirukia bega la askari, unarudia bega zima.

Vaa barakoa yenye vichungi, hata kama rangi ni ya maji. Vumbi lake halijali.

Tukija kwenye kingo, hapa ndipo wengi wanapoharibu. Usichanganye nyekundu na nyeupe ili kuing'arisha. Kikosi changu cha kwanza nilikifanya hivyo, na kilitoka kama ubuyu uliomwagiwa maziwa. Askari kumi, wiki mbili, pinki tupu. Nyekundu hung'arishwa kwa chungwa. Pita na Wild Rider Red kwa brashi ya mkono kwenye kingo za deraya, kisha tia nukta ya chungwa kwenye pembe zenye ncha kali peke yake. Kivuli nacho usikitie nyeusi. Tia zambarau kidogo au kahawia, nyekundu ibaki na uhai.

Ukiwa huna muda kabisa, ipo njia ya mkato: Blood Angels Red ya Citadel, ya aina ya Contrast inayojitia kivuli yenyewe, juu ya ile praima ya giza na mwanga. Mkono mmoja tu. Si nzuri kama hii niliyokueleza, lakini kwa kikosi cha kuchezea Jumamosi, nani atainama kukagua?

Kabla ya kubandika nembo, piga vanishi ya kung'aa, kwa sababu juu ya rangi kavu isiyong'aa nembo huacha ukingo wa fedha unaoonekana. Nembo zikishashika, funika kila kitu kwa vanishi isiyong'aa.

Macho ya kofia yaache hadi mwisho kabisa. Yapake kijani, rangi inayokabiliana na nyekundu kuliko zote. Kijani kilichokoza nyuma, kilichofifia mbele, na nukta moja ya nyeupe kwenye pembe ya juu.