FAHAMU SHERIA: Kabla ya Kubadilisha Gari

Gari likishushwa springi, likafungwa rimu pana na ekzosi mpya, mwenyewe huona fahari na fundi wa jua kali hupata riziki. Swali ambalo wapenda magari huuliza ni moja: je, sheria inakataza?

Sheria ilivyo sasa

Sheria haikatazi kila badiliko. Inataka gari libaki salama barabarani na mabadiliko makubwa yaandikishwe. Anayebadilisha rangi, injini au umbo la bodi anatakiwa kupeleka ombi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA), gari likaguliwe, kisha logibuku irekebishwe. Ni vyema pia kuiarifu kampuni ya bima, kwani badiliko lililofichwa linaweza kuwa sababu ya kukataa kulipa fidia ajali inapotokea.

Kinachopendekezwa

Kwa miaka mingi, ukaguzi wa kila mwaka umewahusu zaidi wenye matatu, malori na magari mengine ya biashara. Mwaka 2025, NTSA ilitoa kwa umma rasimu ya Kanuni za Ukaguzi wa Magari. Rasimu hiyo inapendekeza kwamba gari la kibinafsi lililopita miaka minne tangu liundwe nalo likaguliwe. Kwa kuwa Kenya huruhusu kuingiza magari yaliyotumika ya hadi miaka minane, wengi wataguswa.

Chukua mfano wa vijana wawili wa Lurambi. Mmoja amekata springi kwa msumeno. Gari likibeba abiria, magurudumu hukwaruza bodi. Mwingine amenunua springi fupi za kiwandani zinazolifaa gari lake. Wa kwanza anahatarisha maisha, yake na ya wengine. Wa pili huenda hana kosa lolote. Kanuni isiyowatenganisha itamwadhibu mwangalifu pamoja na mzembe, na kumnyima kazi fundi anayejua kazi yake.

Funzo la matatu

Kanuni za Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilileta mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano. Michoro kwenye matatu ilififia. Mwaka 2014, Rais Uhuru Kenyatta aliwataka polisi wasiwahangaishe wenye matatu kwa sababu ya michoro. Masharti ya mikanda na vidhibiti mwendo yalibaki. Usalama na urembo vinaweza kutenganishwa.

Namna ya kutoa maoni

Kifungu cha 10 cha Katiba kinatambua ushiriki wa wananchi. Sheria ya mwaka 2013 kuhusu kanuni tanzu inadai mashauriano na wanaoathiriwa, na taarifa ya athari iwapo kanuni itawagharimu wananchi pakubwa. Maoni yenye uzito huwa na mambo matatu:

1. Kifungu cha rasimu kinacholalamikiwa.
2. Athari yake, kwa mfano gharama kwa mwenye gari au gereji.
3. Maneno mbadala yanayopendekezwa.

Kulalamika tu kwamba vijana wanaonewa hakubadilishi kifungu.

Kelele

Kudhibiti kelele ni jukumu la kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba. Ekzosi iliyotolewa kizuia sauti humsumbua mgonjwa hospitalini na mwanafunzi darasani. Hilo halihitaji kusubiri kanuni mpya. Fundi anaweza kulirekebisha leo.