Nguzo za Mawe za Karnak

Katika nchi ya Misri, upande wa mashariki wa mto Nile, karibu na mji wa Luxor, pana mahali paitwapo Karnak. Hapo wafalme wa kale walimjengea mungu wao Amoni hekalu kubwa. Ndani yake mna ukumbi wenye nguzo 134 za mawe. Mfalme Seti wa Kwanza aliujenga karibu mwaka 1290 mbele ya kuzaliwa kwake Kristu, na mwanawe, Ramses wa Pili, akaumaliza.

Nguzo 12 za katikati zapita zote kwa ukubwa. Urefu wake ni meta 21 hivi, kama mchikichi mrefu. Unene wake wapita meta 3: yatakiwa watu wazima sita au saba kushikana mikono ili waizunguke nguzo moja.

Kwa nini nguzo nyingi hivyo? Mti ukilemewa na mzigo hupindika kwanza. Jiwe halipindiki, huvunjika mara moja. Boriti ya jiwe ikiwa ndefu mno, hukatika katikati. Kwa hiyo mafundi walisimamisha nguzo karibu karibu, ili kila boriti iwe fupi.

Sehemu ya juu ya nguzo huitwa kichwa. Kichwa ni kipana kuliko nguzo, nacho hupokea uzito wa boriti. Mafundi wa Misri walikichonga kwa mfano wa mafunjo, majani marefu yameayo penye maji, katika Nile na hata katika mabwawa ya Kongo. Zamani sana Wamisri walijenga kwa matete na mafunjo yaliyofungwa pamoja. Walipojifunza kujenga kwa mawe, hawakusahau nyumba za babu zao. Katika nguzo nyingi walichonga hata kamba zilizofunga mafunjo yale.

Huko Karnak, nguzo 12 za katikati zina vichwa vilivyofunguka kama ua. Zile 122 za pembeni zina vichwa vilivyofumba. Dari ya katikati iliinuliwa juu kuliko ya pembeni, na kati yake paliwekwa madirisha ya mawe. Basi mwanga uliangukia maua yaliyofunguka, na yaliyofumba yakabaki gizani.

Kazi ilikuwa ngumu. Mawe yalikatwa mbali, yakaletwa kwa mashua. Patasi zilikuwa za shaba iliyochanganywa na bati. Wenye elimu wadhani kwamba mafundi walipanga safu moja ya mawe, wakajaza udongo kandokando, wakaburuta safu ya pili juu ya udongo ule, na hivyo hivyo mpaka juu. Kisha wakauondoa udongo kidogo kidogo, huku wakichonga na kupaka rangi kutoka juu kushuka chini. Rangi nyingine yaonekana hata leo.

Lakini kazi hii nzuri ilikuwa na kasoro iliyofichika. Misingi ya nguzo haikuwa imara: ilikuwa ya mawe madogo. Siku zile Nile ilifurika kila mwaka, maji yakapenya chini ya ukumbi, na chumvi ya ardhini ikala mawe polepole. Watu walivitazama vichwa, wakastaajabu, miguu haikuonekana. Tarehe 3 Oktoba 1899, nguzo 11 zikaanguka kwa kishindo. Zilikuwa zimesimama zaidi ya miaka elfu tatu.

Mfaransa mmoja, Georges Legrain, alipewa kazi ya kuzirudisha. Hakuanza na vichwa, bali na misingi. Baadaye akayapandisha mawe juu ya malundo ya udongo, kama wafanyavyo watu wa kale. Kazi ikachukua miaka kadhaa, na nguzo zikasimama tena.

Fundi mwenye akili hupamba kichwa cha nguzo, lakini huanza kwa kuangalia mguu wake. Uzuri huonekana juu. Nguvu hukaa chini.

Maana ya maneno

Boriti: mti au jiwe lilalalo juu ya nguzo na kuchukua dari.
Patasi: chuma cha kuchongea.
Msingi: sehemu ya jengo iliyo chini ya ardhi.

Maswali

1. Ukumbi wa Karnak una nguzo ngapi? Ni nani aliyeumaliza?
2. Kwa nini nguzo za mawe husimamishwa karibu karibu?
3. Vichwa vya katikati vyatofautianaje na vya pembeni?
4. Eleza jinsi mawe yalivyopandishwa juu bila mashini.
5. Ni nini kilichoziangusha nguzo mwaka 1899?
6. Tazama nguzo za nyumba moja ya kijiji chenu. Mchwa na maji huanza kuziharibu wapi? Andika mistari mitano.