Jiko la Makaa Katika Chumba cha Kulala

Mji wa Eldoret umejengwa juu ya uwanda wa Uasin Gishu, yapata futi 6,900 juu ya usawa wa bahari. Wenyeji wa zamani waliuita Sisibo, yaani namba 64, kwa kuwa ulianzishwa mwaka 1910 katika shamba lililokuwa na namba hiyo; na mwezi wa Agosti 2024 ulipewa cheo cha jiji. Shamba limekuwa jiji, lakini baridi yake ni ile ile. Kati ya Juni na Agosti mawingu hufunika jua siku nyingi, mvua hunyesha alasiri, na usiku joto hushuka hadi digrii 10 hivi, pengine chini ya hapo. Mtu aliyetoka Mombasa au Kisumu akilala Langas au Huruma usiku wa kwanza, hutafuta blanketi la pili mapema.

Katika majira hayo ndipo jiko la makaa linapoingizwa chumbani. Chakula kimekwisha kupikwa, makaa bado ni mekundu, na watoto wanatetemeka. Mama huliinua jiko na kuliweka karibu na kitanda, mlango hufungwa, na ufa wa chini ya mlango huzibwa kwa nguo kuukuu ili upepo usipite. Nia yake ni njema kabisa. Lakini kila mwaka, miezi ya baridi ifikapo, magazeti ya Kenya hutoa habari za watu waliokutwa asubuhi wamekufa vitandani, pengine jamaa nzima, mlango umefungwa kwa ndani na jiko lenye majivu limo chumbani. Hapana jeraha, hapana damu, wala hapana kilichoibwa. Kwa kuwa alama haionekani, majirani huanza kunong'ona habari za chakula kibaya au za uchawi. Kumbe sumu ilikuwamo kweli, ila haikuliwa. Ilivutwa kwa pua.

Watu wengi hudhani ya kwamba hatari ya moto wa nyumbani ni moshi, na kwamba pasipo moshi hapana hatari. Fikira hiyo ndiyo iliyowaua wengi. Moshi wa kuni huuma macho, hukereketa koo, na humfukuza mtu atoke nje apende asipende. Makaa yaliyokwisha kushika moto vema hayana moshi hata kidogo, na kwa sababu hiyo huaminiwa. Lakini hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi, haina harufu, haina ladha, wala haiwashi pua. Moshi humwonya mtu. Hewa hii haimwonyi.

Hewa hiyo hupatikana hivi. Makaa karibu yote ni kaboni. Upepo huingia kwa tundu la chini ya jiko, na oksijeni iliyomo hushikana na kaboni ya makaa ya chini, ikawa kaboni dayoksaidi, ile hewa ambayo hata sisi binadamu huitoa tupumuapo. Hewa hiyo hupanda juu kupita katikati ya makaa mengine yaliyo mekundu, na njiani hujitwalia kaboni nyingine. Ndipo inapogeuka kuwa kaboni monoksaidi. Ikifika juu ya jiko na kukuta joto kali na hewa safi ya kutosha, nyingi huungua. Mpishi yeyote amekwisha kuziona zile ndimi ndogo za buluu zinazochezacheza juu ya makaa: ndiyo sumu hiyo inayoungua. Lakini makaa yakifunikwa na majivu na joto likipungua, ndimi za buluu huzimika, na hewa ya sumu hutoka bila kuungua ikaenea chumbani. Basi jiko lililofifishwa kwa majivu ili lidumu mpaka alfajiri ni baya kuliko lile lililokuwa likipikiwa ugali saa moja ya jioni. Wala lile linalowaka kwa ndimi za buluu si salama, kwa kuwa si sumu yote inayoungua.

Hesabu yake si ngumu. Chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10, chenye kimo cha futi 8, kina ujazo wa futi 800, yaani meta za ujazo 22 na nusu hivi. Kilo moja ya makaa katika majiko ya kawaida hutoa yapata gramu 200 za kaboni monoksaidi. Robo ya kilo, ambayo ni konzi chache tu, itatoa gramu 50. Zikikaa zote katika chumba hicho, kila meta moja ya ujazo itakuwa na miligramu zaidi ya 2,200. Shirika la Afya Duniani limesema ya kwamba mtu asikae saa moja mahali penye zaidi ya miligramu 35. Ni kweli kwamba chumba hakikosi nyufa, na sehemu ya sumu itapotea; lakini hata ikipungua mara kumi, bado ni mara sita ya kipimo hicho, na watu hawalali saa moja, hulala saa nane.

Ndani ya mwili kazi yake ni kumnyang'anya mtu oksijeni. Damu nyekundu ina kitu kiitwacho hemoglobini, ambacho huchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka kwenye ubongo, moyo na viungo vyote. Kaboni monoksaidi hushikamana na hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mfano wake ni matatu ambayo abiria wabaya wameingia na kukalia viti vyote, wala hawataki kushuka. Gari linakwenda kama kawaida, lakini halichukui mtu mwingine. Kifua cha mgonjwa hupanda na kushuka, naye huku anakosa pumzi ndani ya damu. Mtaalamu Mwingereza John Scott Haldane aliichunguza sumu hii katika miaka ya 1890 kwa ajili ya wachimbaji wa makaa ya mawe, akaonyesha ya kwamba wanyama wadogo hudhurika kabla ya watu. Kwa hiyo wachimbaji wa Uingereza walichukua ndege wadogo migodini wawe walinzi wao, na desturi hiyo ilikoma mwaka 1986 tu, vyombo vya umeme vilipochukua nafasi yao.

Mtu wa Eldoret ana shida ya ziada. Kwa ajili ya urefu wa nchi, hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa sehemu moja katika tano hivi, na oksijeni nayo imepungua kwa kadiri hiyo. Aliyezaliwa huko amezoea, lakini sumu ikianza kumpokonya, ina kidogo cha kupokonya. Walio katika hatari kubwa zaidi ni watoto wadogo, wazee, wenye ugonjwa wa moyo, na mama wajawazito, kwa kuwa sumu humfikia mtoto tumboni.

Wazee huuliza, na wana haki ya kuuliza, mbona zamani watu walilala na moto ndani wasife? Jibu limo katika nyumba yenyewe. Nyumba ya mviringo ya Wanandi na Wakeiyo iliezekwa kwa nyasi, na moshi ulipenya katika nyasi zile ukatoka taratibu, ukiacha masizi yaliyozuia wadudu. Nyumba ilipumua. Haikuwa bila madhara, maana macho ya akina mama na vifua vya watoto viliumia, na bado vinaumia katika nyumba nyingi zinazopika kwa kuni. Shirika la Afya Duniani limekadiria ya kwamba mwaka 2020 moshi wa nyumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano, wengi wao kwa homa ya mapafu. Lakini kufa jamaa nzima kwa usiku mmoja ni jambo la nyumba ya saruji, yenye dari, dirisha la kioo na mlango wa chuma. Nyumba hiyo ni bora kwa mambo mengi, ila haipumui isipopewa nafasi. Fundi aliyejua kazi yake huacha matundu ya hewa juu ya dirisha. Baridi ikija mpangaji huyaziba kwa matambara, au kwa gazeti.

Yako pia mambo yanayofanywa kwa imani tu. Wengine huweka sufuria ya maji kando ya jiko wakidhani kwamba maji yatanyonya sumu. Hayainyonyi, kwa kuwa kaboni monoksaidi ni vigumu sana kuyeyuka katika maji. Wengine humwambia mtu aliyezidiwa anywe maziwa mengi. Maziwa huingia tumboni na sumu imo katika damu. Tena mtu aliyelegea akinyweshwa anaweza kupaliwa. Wengine hutegemea jiko la kisasa lenye udongo ndani, lililoanza kutengenezwa Kenya katika miaka ya 1980. Jiko hilo ni zuri sana, huokoa makaa mengi na fedha, lakini halikutengenezwa ili kuondoa sumu, na kulala nalo ni sawa na kulala na lile la bati tupu.

Mwenye nyumba afanyeje, basi, na baridi haitaondoka? Kwanza, jiko liwashwe nje, liingizwe likiisha kukolea, na wakati wa kupika mlango au dirisha liwe wazi pamoja na tundu la juu, hewa safi iingie chini na ile ya moto itoke juu. Pili, likiisha kazi litolewe nje pamoja na majivu yake, maana majivu yanayoonekana kufa huficha makaa hai. Kuacha dirisha wazi kidogo na kulala na jiko si dawa, kwa kuwa upepo hubadilika, na pengine mtu mmoja ataamka usiku kwa baridi na kulifunga. Tatu, joto litafutwe katika kitanda, si katika hewa ya chumba: chupa ya maji moto iliyofungwa vema na kuvikwa kitambaa, soksi, kofia ya sufu kwa mtoto, mkeka au katoni chini ya godoro, na blanketi nzito. Eldoret ni mji uliojulikana kwa kiwanda chake cha blanketi, na blanketi moja hudumu miaka mingi, ambapo makaa ya kupasha chumba hununuliwa kila jioni.

Nyumba kubwa za zamani za nyanda za juu zina meko ya ukutani yenye dohani. Hizo ni habari nyingine, kwa kuwa dohani huvuta hewa chafu na kuitupa juu ya paa, mradi isizibwe na masizi au viota vya ndege. Hita ya umeme haitoi sumu hiyo, bali ni ghali na yaweza kuunguza nguo. Hita ya gesi na jiko la mafuta ya taa huunguza hewa ya chumba kama makaa, na zahitaji dirisha vilevile. Hata pwani, watu wanakotafuta baridi wala si joto, shauri ni moja: mashine nyingi za kupozea vyumba huizungusha hewa ile ile iliyomo, wala hazileti mpya kutoka nje. Mwenye kuendesha jenereta karibu na dirisha la chumba hicho amejiletea moshi ndani.

Dalili za sumu ya jiko ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, miguu kulegea, na akili kuvurugika. Dalili hizo hufanana na za malaria, na hapo wengi hukosea: hunywa dawa, kisha hurudi kulala katika chumba kile kile. Yafaa kutazama mambo mawili. Je, watu wa nyumba moja wameugua kwa pamoja, tena bila homa? Je, wakitoka nje hupata nafuu? Ikiwa ndivyo, jiko lishukiwe. Wala mtu asijidai kwamba ataamka na kufungua mlango mambo yakizidi, kwa kuwa miguu hulegea mapema, na mtu huweza kujua kwamba kuna jambo baya asiweze kufika mlangoni.

Anayewakuta wenzake wamezidiwa azuie pumzi, afungue mlango na madirisha, awavute nje, kisha alitoe jiko. Asikae ndani kuuliza maswali, wapo waliokufa wakiokoa. Aliyezimia na bado anapumua alazwe ubavu, na wote wapelekwe hospitali upesi, hata aliyepata nafuu. Katika hewa ya kawaida damu huchukua saa nne hadi sita kuondoa nusu tu ya sumu. Akipewa oksijeni safi, nusu hiyo huondoka kwa saa moja na nusu hivi. Tena aliyempeleka mgonjwa amwambie mganga mara moja ya kwamba palikuwa na jiko chumbani, maana kile chombo kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni mara nyingi hakiwezi kutofautisha damu yenye oksijeni na damu yenye kaboni monoksaidi, nacho kitaonyesha namba nzuri kwa mtu anayekufa.