Babu wa Mumeo Hajasahau

Mdogo wangu wa Muheza uliyeolewa Fresno, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili huku nacheka. Unalalamika kwamba kwa wakwe zako Wameksiko, watu wakishamaliza kula hakuna anayenyanyuka. Mavyaa anasimulia, mashangazi wanadakia, saa mbili zinapita, nawe roho iko kwenye vyombo. Acha vyombo! Kikao hicho wenyewe wanakiita sobremesa, na hapo ndipo mtoto anapojua yeye ni wa nani. Ukikimbilia jikoni utasifiwa kwa uchapakazi, lakini utabaki mgeni.

Sasa shida yenyewe. Babu wa mumeo alikwenda California mwaka 1958 akiwa bracero, yaani kibarua wa mkataba wa mashambani, na kila ukimwomba asimulie, anajibu "kazi tu" na kugeukia kahawa yake. Simu ya kumrekodi umemtegeshea. Mumeo anadai mzee kasahau.

Hajasahau. Mpango ule wa mabracero, kati ya Marekani na Mexico, ulidumu kutoka 1942 hadi 1964, ikatiwa saini mikataba zaidi ya milioni 4 ya wanaume wa kwenda kulima, kuvuna na kurudi kwao. Kwenye vituo vya kupokelewa walivuliwa nguo, wakapangwa mstari, wakapuliziwa unga wa DDT kama magunia ya mahindi. Mpiga picha Leonard Nadel aliyaona hayo mwaka 1956, na picha zake zipo hadi leo. Hebu mfikirie baba yako mzazi kwenye mstari ule. Halafu mke wa mjukuu wake anamnyooshea simu mbele ya watoto: babu, tuambie ilikuwaje. Hata mimi ningesema kazi tu.

Kwa hiyo maisha yake usimwulize. Mwulize jembe. Waliopalilia saladi kule walipewa jembe la mpini mfupi, el cortito, lililomkunja mtu kutwa nzima. California ililipiga marufuku mwaka 1975. Mzee anayeficha aibu yake hawezi kukunyima habari za mgongo wake. Akinyamaza katikati, mmiminie kahawa, usimsukume.

Na usimwendee mikono mitupu. Mwisho kabisa wa barua, kama jambo lisilo na maana, umegusia kwamba babu yako wewe alikuwa manamba kwenye mkonge wa Tanga. Mdogo wangu, hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo! Manamba alipewa jina kwa namba yake, bracero kwa mkono wake, maana brazo kwa Kihispania ni mkono. Na mkonge wenyewe kwao ni Mexico. Wajerumani waliuleta kwetu mwaka 1893. Msimulie wewe kwanza, uone kama kahawa haitapoa mezani.

Kihispania kisikutishe, mumeo atafasiri. Kama naye kinampiga chenga, tafadhali usimcheke. Wazee wengi wa Kimeksiko walioanza shule Marekani waliadhibiwa kwa kukisema darasani, ndiyo maana wengine wakaamua watoto wao wasikie Kiingereza tu. Mwite mavyaa asaidie, atafurahi kuitwa.

Novemba inakuja, tarehe 1 na 2 watapanga ofrenda: meza ya picha za marehemu, maua ya cempasúchil ya rangi ya chungwa, na vyakula walivyovipenda. Kila sahani ina mtu wake na kisa chake, we uliza tu hiki alikuwa anakipenda nani. Kama dini yako haikuruhusu kuweka picha ya babu yako pale, saidia kuchambua maua. Masikio hayana dini.

Kurekodi kusubiri. Kuna mradi wa StoryCorps, shirika la Marekani la kurekodi simulizi za watu, uitwao Historias, ulioanza 2009, unaowakalisha Walatino wawili wazungumze kama dakika 40, na wakikubali, mazungumzo yanahifadhiwa kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani. Mpeleke mzee siku atakayotaka mwenyewe, na mjukuu wake ndiye awe wa kumwuliza.

Jumapili hii, basi. Vyombo viache vilowane, sogeza kiti, mwulize mzee mpini ulikuwa na urefu gani. Kisha niandikie alivyokuonyesha kwa mikono.