Maji Tunayoyamwaga Yaweza Kulisha Familia

Kila kiangazi mambo ni yale yale. Mboga za majani zinaadimika, bei inapanda, na watoto wetu wanakula ugali kwa mchuzi mwepesi. Wakati huohuo, asubuhi na jioni tunamwaga uani mabeseni ya maji tuliyooshea vyombo. Yakituama yanaleta matope na mbu. Tukiyaelekeza vizuri, yanatupatia mboga.

Kwa nini tuhangaikie mboga? Mchicha, matembele, kisamvu na majani ya maboga huupa mwili vitamini A na madini ya chuma. Mtoto anayekosa vitamini A aweza kupata upofu wa usiku: jua likizama, anajikwaa na kupapasa. Huyo apelekwe zahanati upesi, kwani aweza kupofuka kabisa. Surua na kuhara pia humdhuru zaidi.

Tufanye hivi:

1. Tuchague mahali penye jua, karibu na jiko na mbali na choo.

2. Tuchimbe shimo refu lenye upana wa mita 1, ili tufikie katikati bila kukanyaga. Tulijaze majani makavu, samadi iliyooza na udongo, lakini tuache uso wake chini kidogo ya ardhi ili maji yasitiririke.

3. Tufunike udongo kwa nyasi kavu. Unyevu utadumu.

4. Maji tuliyooshea mboga na mchele tumwagilie bustani. Yenye sabuni tuyamwage shinani mwa migomba na mipapai, tukibadilisha sehemu. Maji ya nepi yasitumike kabisa.

5. Wadudu tuwaokote kwa mkono, au tunyunyizie maji yaliyolowekwa majani ya mwarobaini yaliyotwangwa. Dawa ya pamba ni sumu. Tusiinyunyizie mboga, wala chupa yake tusiwekee maji au mafuta ya kula.

Mboga zikiwa tayari, tuzioshe kwa maji safi kabla ya kuzikata, tuzipike kwa muda mfupi na kutia mafuta kidogo. Bila mafuta, mwili hupata vitamini A kidogo tu.

Mchicha huanza kuchumwa baada ya wiki 3 hadi 4. Basi kina mama, kina baba na vijana, tuchimbe wiki hii, kabla jua halijawa kali. Kinga ni bora kuliko tiba.